Usijaze Hadi Juu

Jumapili, 3 Novemba
Leo nimeanza mpango. Mkubwa! Kupika siku moja, kula siku tano. Mke wangu alifanya hivyo kila Jumapili, akikoroga kwa mkono wa kushoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kuonja. Sasa ni miezi saba tangu tumzike. Jioni natoka kiwanda cha kupiga chapa nimechoka, binti yetu anakula mkate na chai. Shemeji, dada wa marehemu, amesikia. Kasema Ijumaa anakuja kula kwetu, na akikuta mkate na chai anaondoka na mtoto. Hatanii. Keshauliza nguo za binti zitaenea begi gani.

Maharage, kabichi, karoti zilizopinda ambazo muuzaji huziachia kwa bei ya huruma. Nimejaza makopo matano ya marehemu. Kila mfuniko aliuandika kwa wino mweusi: Usijaze hadi juu. Nimeyasugua maneno yote kwa spiriti ya kiwandani. Siwezi kuamrishwa jikoni kwangu. Kopo likijaa, shibe inaongezeka!

La sita sijaligusa. Liko chini kabisa ya friza, na ndani yake maharage yake ya mwisho. Hilo halifutwi wala haliliwi.

Jumatatu, 4 Novemba
Balaa! Mifuniko imefyatuka, kabichi imetoka nje na kuganda ukutani mwa friza. Makopo yameshikana. Nimeyatenganisha kwa nyundo na bisibisi. Binti akauliza kama chakula cha leo kinahitaji fundi. Tumekula. Chumvi kama adhabu. Tumemaliza jagi la maji.

Jumanne, 5 Novemba
Asubuhi nimefungua friza. Mifuniko yote imebanwa vizuri. Sikuibana mimi. Na maneno yamerudi, wino uleule: Usijaze hadi juu. Herufi j ina mkia mrefu, kama alivyokuwa akiuvuta yeye.

Nikamshutumu binti. Akaleta daftari la shule, akanionyesha j zake, fupi zote. Akasema, kwa upole wa mama yake, kwamba baba nianze kulala mapema.

Jioni kabichi ilikuwa tamu. Chumvi sawasawa. Ilikuwa na vitunguu. Sikuweka vitunguu! Nilivisahau mfukoni mwa koti. Nimekwenda kuangalia. Bado vimo.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimefuta tena. Spiriti imeisha. Nikabuni mtego: jana nilimwaga unga mbele ya friza ili nipate nyayo za huyu anayenichezea. Leo asubuhi sakafu inang'aa. Ufagio umeegemezwa kwenye kona, mpini chini. Katika nyumba hii mtu mmoja tu aliuegemeza hivyo. Miaka kumi na moja nilimgombeza kwa hilo.

Nimeuacha vilevile.

Ijumaa, 8 Novemba
Umeme ulikatika mchana kutwa. Nilipofika nyumbani kopo la leo lilikuwa linatoa povu, na Shemeji alikuwa mlangoni, begi tupu kwapani. Nikapekua friza. Kila kitu kimeyeyuka. La sita tu, lile la chini, gumu kama jiwe.

Binti aliniangalia. Aliangalia begi. Nikawasha jiko.

Shemeji alikula kijiko cha kwanza akasita katikati ya cha pili. Akasema haya si mapishi yangu. Nikadanganya, nikasema nimejifunza. Akafuta macho kwa kiganja, akaomba aongezewe, akakomba sufuria. Aliondoka na begi lake limekunjwa. Akasema mtoto yuko mahali pake.

Nimeliosha kopo, nikakaa nalo mapajani. Lile ndilo lilikuwa la mwisho. Binti amebaki. Maharage yake yamekwisha.

Jumapili, 10 Novemba
Mtu hujifunza! Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: vitunguu, chumvi kidogo, acha nafasi ya vidole viwili. Nikapika. Nikajaza kopo la kwanza vizuri, nafasi ya vidole viwili. Nikautazama mfuniko. Mweupe. La pili, hivyohivyo. Mweupe. Jikoni kimya. Hata friza iliacha kunguruma.

Nimesimama muda mrefu na upawa mkononi.

Kisha la tatu nikalijaza mpaka mchuzi ukamwagika mezani. Nikageuka kuchukua kitambaa. Nilipogeuka tena, mfuniko ulikuwa umeandikwa, wino bado mbichi: Nilikwambia.

Mkia wa j haumo katika neno hilo. Lakini ule mkazo naujua!

Binti akauliza mbona nafuta meza huku nacheka. Nikamwomba anisogezee yale makopo mawili ya kwanza. Nimeyajaza hadi juu. Na chumvi nimeongeza.