Nani Aseme kwa Niaba ya Ng'ombe

Jumatatu, 9 Januari 2017
Kijiji cha Getanuwas. Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne! Bwana Modest, mtafiti kutoka chuo, amewafunga ng'ombe kumi na wawili wa Mzee Bura mikanda yenye vifaa vya kupima joto na mwendo. Sita wangu, sita wa mwenzangu Loveness. Kila kundi lina kiongozi: wenzake wanamnong'oneza habari kwa mawimbi ya redio, yeye anazipaza hadi mnara wa mawasiliano. Kupaza kunakula betri. Ambaye betri za kundi lake zitadumu hadi Ijumaa atabaki kazini na kupelekwa kozi. Mwingine atarudi kupalilia maharage. Nilikuwa na swali. Nikaona haya. Loveness akaliuliza.

Jumanne, 10
Nimefungua simu ya kazi. Loo! Mtambo umemteua mtamba ambaye hajazaa hata mara moja, eti betri yake imejaa. Aseme mbele ya wakubwa? Kwetu angefinywa. Nimemweka Bibi, ng'ombe mzee kuliko wote sita, awe kiongozi wa kudumu. Nimelala na amani.

Jumatano, 11
Saa nne asubuhi betri ya Bibi kwisha. Kundi zima bubu. Nimembadilishia kimya kimya. Loveness kaniona, akauliza kama nimempa na shikamoo. Nilikuwa nimempa.

Alhamisi, 12
Mpango mpya. Ng'ombe wakisimama karibu karibu, mnong'ono unatumia betri kidogo. Nikamwaga chumvi ya ziwa Balangida miguuni pa Bibi. Wakaja wote sita! Wakaja na sita wa Loveness. Bibi akasukumwa, akasusa, akaenda zake bondeni. Wa Loveness wakabaki wananong'onezana vizuri. Wangu wakabaki kumpigia Bibi kelele kutoka mbali. Jioni betri tatu zimezima.

Ijumaa, 13
Kachaguliwa Loveness. Bwana Modest hakunifokea, na hilo ndilo baya zaidi.

"Kiongozi akichoka anapokea mwingine, Paskalina," alisema. "Hata mtamba."

Nikaitikia ndiyo, macho kwenye viatu. Akasema Jumatatu nije nimweleze nilichojifunza, pengine ipo nafasi ya pili.

Jumamosi, 14
Nimepalilia na kuwaza tangu asubuhi. Kosa nimeliona! Bibi ana miaka kumi na mmoja tu. Mzee Bura anaye ng'ombe mwingine wa miaka kumi na saba, amemweka kwa rafiki yake ng'ambo ya korongo. Kesho baada ya ibada naenda kumpa shikamoo kiongozi wangu mpya.