Ombi la Kung'olewa kwa Soketi Zote Isipokuwa Moja

Kwako mkwe wangu, fundi umeme,

YAH: SOKETI ULIZOTUWEKEA NA MADHARA YAKE KWA BETRI ZA NYUMBA HII

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, binti yangu, na ile ngazi yako ya kukunja. Huku sisi watu tu wazima. Zinazoumwa ni betri, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Ungeitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," halafu mtandao ungekatika pale pale ninapoifikia hoja yangu.

Kwanza nikushukuru rasmi. Ulipokuja na drili yako ukatuwekea soketi katika kila chumba, hata jikoni, hata kwenye korido ambako hakai mtu, wote walipiga makofi. Nami nilipiga. Kazi yako ni safi. Hakuna waya unaoning'inia, hakuna plasta iliyobanduka, na kila soketi imekaa wima kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Kwa hiyo silalamikii ufundi. Nalalamikia matokeo.

Unakumbuka tulivyokuwa. Nyumba nzima ilikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, ile ya sebuleni, kando ya kiti changu. Mwenye simu, awe yeyote, alilazimika kuileta pale. Nami niliweka utaratibu: kava livuliwe ili simu ipate hewa, ilazwe juu ya stuli ya mbao, isichezewe, na ikifika asilimia themanini naichomoa na kumwita mwenyewe. Aliyeileta ikiwa chini ya ishirini alipewa somo fupi kabla ya kupewa waya. Mjukuu wangu akanibandika jina la Babu Asilimia, na sasa hata muuza maziwa ananiita hivyo. Sikukasirika. Nililichukua kama cheo.

Niruhusu nieleze kidogo, maana wewe ni bingwa wa nyaya, lakini betri ni somo jingine, nami nimefundisha sayansi hadi nywele zikabadilika rangi. Betri ya simu haipendi kushiba hadi kooni, wala haipendi kulala njaa. Ukiijaza hadi mia na kuiacha pale pale imechomekwa, inakuwa kama mtu aliyeambiwa avute pumzi kisha akakatazwa kuitoa. Ukiiacha ishuke hadi sifuri kila mara, inachoka mapema. Na kinachoiumiza kuliko yote hayo ni joto. Ni mambo matatu tu. Nimeyafundisha kwa madarasa ya watoto watundu wakayaelewa. Familia yangu mwenyewe imenishinda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe wako sasa anachajia simu jikoni, kando ya jiko, huku akisikiliza redio kwenye simu hiyo hiyo. Nilimweleza kwa upole kwamba betri inapikwa pamoja na mboga. Akanijibu, "Basi ikiiva nitakupakulia." Zamani redio hiyo tuliisikiliza wote sebuleni, kwa kuwa simu ilikuwa imefungwa kwenye waya wangu na asingeweza kuondoka nayo. Taarifa ya habari ilikuwa ikibishaniwa na watu wawili. Sasa naisikia kupitia ukutani, nusu nusu, na hakuna wa kubishana naye. Betri haiwezi kufurahia hali kama hiyo.

2. Kitindamimba wetu, muuguzi, akirudi kutoka zamu anapitiliza chumbani, anachomeka simu iliyoshuka hadi sifuri, anaisukumia chini ya mto na kulala. Inafika mia na kukaa hapo hadi asubuhi, chini ya mto, kwenye joto. Makosa yote matatu ameyaweka kitanda kimoja! Awali alikuwa akikaa kwenye mkono wa kochi kusubiri ifike walau hamsini, na katika kusubiri alinisimulia habari za wodini, daktari aliyetafuta miwani iliyokuwa usoni mwake, na mgonjwa mmoja aliyekuwa akiimba kila anapopimwa presha. Hadi leo sijui kama mgonjwa yule aliruhusiwa kwenda nyumbani. Siulizi kwa ajili yangu. Naulizia betri.

3. Mjukuu anacheza gemu huku simu ikiwa imechomekwa. Ukiishika, unaweza kunyooshea shati. Nilipomkanya alipaza sauti kutoka chumbani kwake: "Babu, simu za siku hizi zina akili, zinajizuia zenyewe!" Nikamjibu, "Hata wewe una akili, mbona hujizuii?" Nilimsikia akicheka. Kucheka kwenyewe kulikuwa nyuma ya mlango. Wakati wa soketi moja, gemu lilikuwa limepigwa marufuku hadi simu ichomolewe, kwa hiyo alikuwa akikaa miguuni pangu na daftari la hesabu, akinung'unika, na mara moja moja akiniuliza swali. Namba bado anazipata, nisimsingizie. Anazipatia huko huko chumbani.

(Nilisahau kusema, kuhusu namba 1, kwamba mama mkwe wako pia anatumia chaja isiyo ya simu yake. Anasema imeingia kwenye tundu, basi imekubali. Nimeiachia hapo.)

4. Sasa nakuomba ulitazame jambo hili kwa upana wake. Betri zikichoka mapema, watu watanunua simu mpya. Simu za zamani zitatiwa kabatini, kwa sababu katika familia hii hakuna anayetupa kitu. Kabati likijaa, tutahitaji kabati la pili, na la pili litahitaji chumba. Chumba kitahitaji umeme. Utaitwa wewe, na wewe, kwa moyo wako mwema, utaweka soketi mbili. Unaona tunakoelekea? Nyumba hii itaendelea kurefuka upande wa nyuma hadi imfikie jirani yetu mshonaji, ambaye naye, tangu ulipomwekea soketi kwa kuwa "waya umebaki baba, usipotee bure," hajaleta simu yake kwangu wala habari za mtaa.

5. La mwisho linakuhusu wewe mwenyewe, na nisamehe kwa kukutaja bila kuzunguka. Zamani ulikuwa ukifika hapa na simu inayokata roho, kwa sababu wateja wako wanaongea sana. Ulikuwa ukivuta kile kigoda kidogo, unakaa, na tunaongea mpaka themanini. Ulinieleza kwa nini fyuzi ya jirani inaungua, nikakueleza kwa nini mbingu ni ya bluu, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake vizuri, lakini simu ilichajiwa kwa heshima. Sasa umenunua chaja ya haraka ya kwenye gari. Mara ya mwisho ulisimama mlangoni na ufunguo mkononi: "Baba, nimepita tu kuwasalimu." Nilikichungulia kioo cha simu yako. Mia kwa mia. Mtu mwenye mia kwa mia unamkalisha kwa sababu gani? Zaidi ya hayo, chaja ya haraka huongeza joto, na joto nimeshalieleza.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Uje na bisibisi, uzing'oe soketi zote, uzibe matundu, na uache moja tu, ile ya kando ya kiti changu. Ukiona kuzing'oa ni kuharibu kazi nzuri, basi ziunganishe zote na swichi moja ambayo itakaa chini ya mkono wangu wa kulia, niwashe ninapoona inafaa. Na hilo likikushinda, watangazie watu wa nyumba hii kwamba umegundua kasoro katika soketi mpya. Hautakuwa uongo. Kasoro nimekuorodheshea hapo juu.

Msalimie sana binti yangu, mwambie achomoe pasi kabla ya kutoka. Wasalimie mafundi wenzako, wasalimie majirani wa ghorofa ya juu na wa ghorofa ya chini, na hata yule mteja wako anayepiga simu kila unapoanza kula. Mama mkwe wako, muuguzi na Mtu wa Gemu wanakusalimu, kila mmoja kutoka chumbani kwake.

Ni mimi ninayekutakia chaji ya wastani,

Baba mkwe wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Mwangalizi wa Chaji (aliyeachishwa kazi bila barua)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe wako ameisoma barua hii akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Anasema soketi ya jikoni haiguswi na mtu. Basi ziache zote zilivyo. Lakini njoo Jumapili. Chaja ya haraka iache kwenye gari, na uje na simu ikiwa imebaki asilimia mbili. Ikizimika njiani, vizuri zaidi. Najua nilivyoandika kuhusu kulala njaa. Betri ni kitu cha kununua, fundi simu anazo tele. Utatumia chaja yangu ya zamani, ile inayokwenda polepole mpaka watu wanaisahau, na safari hii hatutachomoa kwenye themanini. Tutaiacha mpaka mia.