Shamba Nililoagizwa Niliache Life

Leo nimeaibika mbele ya wakulima thelathini, daktari mmoja na ng'ombe wanne. Kati ya hao, ng'ombe peke yao ndio hawakucheka.

Ili mnielewe, nianzie mbali. Nilitoka Mwea mwezi wa pili, nilikokuwa nikifukuza ndege kwenye mpunga. Kabla ya Mwea nilikuwa Naivasha nikikata maua, na kabla ya Naivasha nilikuwa Kilifi nikichimba visima. (Kabla ya Kilifi msiniulize.) Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kula mahindi niliyopanda mwenyewe. Yakikomaa, mimi huwa nimeshahama.

Huko Mwea nikaamka asubuhi moja nikikumbuka harufu ya miwa ya Awendo, kwetu. Nikafunga begi. Siku tatu njiani: Nakuru, Kericho, Kisii, na vipande vingine kwa miguu. Nilipofika nikakuta nyumba ya marehemu mama imebaki msingi, na shamba lake limejaa miwa ya watu nisiowajua. Nikasimama kando ya barabara malori yakinipita. Nikalala kwa binamu siku tatu. Siku ya nne miguu ikaanza kuniwasha.

Ndipo nikasikia kuna mwanamke anatafuta mtu wa kutunza shamba Ndhiwa.

Mwanamke huyo ni Atieno, wa Kosele. Alikuwa mwalimu wa sayansi, akaacha kazi ili afuge kuvu. Ndiyo, kuvu. Anaikuza juu ya wali, jikoni kwake, kisha anaipaka kwenye mbegu za mahindi kabla ya kupanda. Kazi ya kuvu hiyo ni kuua kayongo. Asiyeijua kayongo ashukuru Mungu: ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau, linalokaa chini ya mahindi na kuyanyonya mizizini mpaka yanabaki kama ufagio uliochakaa.

Dawa ya Atieno ilikuwa nzuri jikoni. Lakini nani atanunua dawa ya jikoni? Kuna mpango mmoja wa kusaidia kampuni changa kama yake, ukamkubali. Ungelipia majaribio shambani, na ungeleta mtaalamu wake mwenyewe aje ahesabu, asije mtu akasema Atieno amejisifu. Dawa ikishinda, wanamshika mkono mpaka isajiliwe. Ikishindwa, wanamuaga, naye anarudi kuomba chaki.

Akaniajiri, tukapima vipande sita. Vitatu vya vigingi vyeupe, mbegu zenye dawa. Vitatu vya vigingi vyekundu, mbegu tupu. Kila chekundu kilikaa ubavuni mwa cheupe.

"Ja-Awendo," Atieno akaniambia, "hivi vyekundu ni vya kulinganisha. Kayongo ikiota humo, iache. Usivute, usiweke mbolea, usifanye lolote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Nyar Kosele," nikajibu, nami nikimwita kwa jina la kwao.

Nilielewa kweli. Sikukubali tu moyoni.

Tatizo lilikuwa barabara. Vipande vyekundu viwili vilikuwa kando ya barabara inayokwenda kanisani. Cha tatu kilikuwa nyuma ya boma la ng'ombe, mahali ambapo hata mbwa hapiti. Na mama yangu alinilea na sheria moja ya kilimo: anza kupalilia upande wa barabara. "Shamba la kando ya njia ndilo jina lako," alikuwa akisema. "La nyuma utalimaliza Mungu akikupa nguvu." (Mara nyingi Mungu hakumpa.)

Mahindi yalipofika magotini, kayongo ikatoka. Jumamosi Wasabato wakapita wamependeza, Mama Pamela akiwa mbele. Yeye ndiye jirani yetu, anafuga kuku. Akasimama, akaangalia kipande chekundu, kisha akaniangalia mimi.

"Omera, ndugu yangu, hili ni lako?"

"Nalitunza."

"Unalitunza," akasema polepole, akaenda zake kuomba.

Jumamosi ya pili walisimama watano. Ya tatu, mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa semeni nyinyi. Mtu mzima, mwana wa mama yangu, nisimame na jembe mkononi nikitazama mahindi yakinyonywa mchana kweupe? Jioni hiyo nikavuta kayongo chache. Siku iliyofuata nikavuta zilizobaki. Baadaye nikaomba kinyesi cha kuku kwa Mama Pamela, nikakiloweka ndani ya maji, nikakimwaga shinani, jioni baada ya jioni. Atieno akija kukagua alikuwa akianzia upande wa boma, anaandikaandika, anarudi mbio Kosele kwenye wali wake. Vya barabarani alivitazama kutoka mbali. Aliniamini.

Na mahindi yakaitikia. Yakawa meusi kwa ubichi. Wasabato wakaanza kunisalimia kwa jina. Kwa mara ya kwanza nikakaa mahali miezi minne bila kugusa begi. Karibu nigonge msumari wa pili ukutani, kando ya ule wa begi, nitundike koti.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Turubai, viti vya plastiki, soda. Mtaalamu wa mpango akashuka na ubao wake wa kuandikia. Ni daktari wa mimea, mama mpole mwenye gambuti safi. Mimi nilikuwa nimepiga shati pasi. Nikasimama mbele mahali pa kuonekana, endapo watatafuta mtu wa kumsifu.

Akaanza na barabarani. Akainama kwenye cheupe, akahesabu, akaandika. Akaingia chekundu. Akainama. Akatembea mstari mzima ameinama. Akanyooka.

"Atieno, hiki ndicho kisicho na dawa?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na kayongo iko wapi?"

Atieno akatazama. Hakuna kayongo. Mahindi mekundu (ya vigingi vyekundu, namaanisha) yalikuwa yamepita ya dawa kwa kichwa kizima.

Wakulima wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe bila dawa ndiyo dawa." Atieno alikuwa ameshika kigingi kama mtu anayeshika mlango wa gari linaloondoka.

"Nani anatunza shamba hili?" Daktari akauliza.

Nikajitokeza. Ndugu zangu, nilijitokeza nikitabasamu.

Mama Pamela akaona hakuna anayenisifu, akanitetea. "Daktari, huyu ni mchapakazi. Kila jioni anabeba mbolea ya kuku wangu anayapelekea mahindi haya. Hakuna siku amekosa."

Daktari akaacha kuandika.

"Ja-Awendo," Atieno akasema, "uliweka mbolea?"

"Ya kuku tu."

"Na kayongo ulivuta?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yote."

Wakulima walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama kampuni ya kuku nayo inasaidiwa na mpango. Atieno hakucheka. Alikuwa akitazama chini, akipangusa udongo kwenye vidole ambavyo havikuwa na udongo. Nikaona chaki.

Ningeweza kukimbia. Najua kukimbia, ndiyo fani yangu. Lakini nikasema, "Daktari, kuna kipande cha nyuma ya boma. Hicho sikukigusa."

"Una hakika? Kwa nini hicho ukakiacha?"

Hapo ndipo nilipoumbuka hasa. Thelathini wananisikiliza.

"Kwa sababu hakuna mtu anayepita huko."

Mama Pamela akafunika uso kwa leso.

Tukaenda wote nyuma ya boma. Chekundu kilikuwa zambarau tupu, utadhani kimepandwa maua ya harusi, mahindi yamekonda yakinifika kiunoni. Hatua mbili pembeni, cheupe kimesimama kijani, kayongo za kuhesabu kwa mkono mmoja. Wakulima wakaacha kucheka. Yule mzee wa utani wa kuku akamuuliza Atieno mbegu zinapatikana wapi.

Daktari akanisimamisha katikati ya kayongo, akapiga picha, ili kimo kionekane. Kwa hiyo nitakuwa ndani ya ripoti, kama rula.

Akasema kipande kimoja hakitoshi. Vya barabarani vinafutwa, na jaribio litarudiwa mvua za vuli. Atieno hajatolewa kwenye mpango. "Na mtunzaji awe mwingine?" Daktari akauliza kwa upole.

Atieno akanitazama. "Abaki akitaka," akasema. "Uvivu wake umeniokoa."

Hakunifukuza. Hilo ndilo lililoniondoa. Najua mikono yangu. Mvua ikinyesha na Wasabato wakipita, nitavuta tena. Nikamrudishia jembe, nikateremsha begi. Ndhiwa sirudi.

Sasa nimekaa Awendo kando ya barabara, malori ya miwa yananipita, na mbele yangu kuna mahindi ya mtu yenye kayongo tatu. Nimegeuza kiti.

Mwenye kazi ya shamba aniambie. Niko tayari kuondoka hata kesho. Ila unieleze mapema ni sehemu gani unataka ife, na kama inaonekana kutoka barabarani.