Urmila wa Dharan, Msomaji wa Pili

Jumapili, 2 Mangsir

Sirjana Kansakar ananichimbia shimo. Sasa sina shaka.

Asubuhi ametuandikia watunzaji wa Sanghu kwamba kuanzia leo hakuna msimbo utakaoingia bila mtu wa pili kuusoma na kuuidhinisha. Ati ndiyo desturi ya wenye programu huria dunia nzima. Desturi! Sanghu nimeianza mimi, humu chumbani kwangu Patan. Ni maktaba ya msimbo, vipande vya programu tunavyogawa bure mtandaoni, ili tovuti ya mabasi iweze kuulizana na tovuti ya benki kwa kanuni moja zinayoielewa zote. Tena ina vipimo vyake. Jibu likifuata kanuni, kijani. Likivunja, nyekundu.

Wiki iliyopita vipimo viliniwakia vyekundu. Nikavifuta. Nyekundu ikaondoka. Sirjana akasema huko ni kuvunja kipimajoto ili homa ishuke, na Pemba Hyolmo, mtunzaji wetu wa tatu, ambaye kwa kawaida haongei, akacheka kwa maandishi.

Ijumaa tunachagua mkuu wa Sanghu. Mkuu ndiye atakayeshika funguo zote, na ndiye atakayehutubia mkutano wa Pokhara. Koti nimeshashona. Mama ameshawatangazia ndugu hadi Bhaktapur. Na ghafla Sirjana analeta sheria. Nani asiyeona?

Jumatatu, 3 Mangsir

Nimepata dawa yake. Wanataka mtu wa pili? Nimewapa mtu wa pili.

Anaitwa Urmila Thulung, wa Dharan. Nimemfungulia akaunti na kumwekea picha ya ua la lali gurans. Mwanamke mpole, mwenye bidii, hapendi simu. Saa hiyohiyo akausoma msimbo wangu na kuuidhinisha. Akasema ni kazi safi sana.

Sirjana akamkaribisha, kisha akauliza, mbona dada amesoma kurasa zote zile kabla chai haijapoa. Mwanamke huyu ana pua ya mbwa wa polisi. Itabidi Urmila awe mkali kidogo.

Jumatano, 5 Mangsir

Urmila amenikatalia msimbo.

Ilibidi nisome kweli, ili apate neno la kusema. Akaniuliza mbele ya watu wote: tovuti ikiulizia kiti ambacho hakipo ndani ya basi, Sanghu inajibu nini? Nikaangalia. Inajibu "sawa". Maana yake msafiri wa Biratnagar angeuziwa kiti cha hewa.

Nimejibu kwa hasira kwamba mgeni hafundishi mwenye nyumba. Naye akajibu kwa upole kwamba nyumba yenyewe inavuja. Pemba akaandika, "Kaka Niranjan, hapo dada amekuweza." Uso uliniwaka. Nimelirekebisha jibu na kuongeza kipimo chake, kikawaka kijani. Sifa zote zimekwenda kwa Urmila.

Tena Sirjana amependekeza Urmila awe mtunzaji kamili, apige kura Ijumaa. Nikakubali haraka. Kura mbili mikononi mwangu! Yeye mwenyewe kanipa.

Mama amenisikia nikigombana peke yangu na kutaja jina la Urmila. Anataka kujua ni binti wa nani, na kama kwao wanakula nyama ya nyati kama sisi. Nimesema ni mambo ya kazi. Hakuamini. Amekwenda kusaga nyanya za achaar, ile achari yake ya pilipili, huku akiimba.

Alhamisi, 6 Mangsir

Mtandao ulikatika mtaa mzima asubuhi. Uliporudi nikakuta Sirjana ameuliza kama kuna anayejua alipo dada Urmila. Nikajibu kwamba Dharan nako mtandao ulikatika. Akasema ahaa, pole yao.

Mchana akaja nyumbani, ati kurudisha waya wa kuchajia. Nilikuwa nimeshuka bombani kuchota maji. Niliporudi nikamkuta jikoni na mama, wanakula momo za nyama za mvuke, wanacheka. Nikamuuliza mama walizungumza nini. Akasema ya wanawake. Sirjana aliondoka na kopo la achaar yetu. Anamnunua mama kwa kumsifia upishi, aeneze maneno dhidi yangu. Mbinu ya kizamani.

Ijumaa, 7 Mangsir

Nimepiga hesabu. Urmila akinichagua mimi, Sirjana atanusa. Akimchagua Sirjana, ananipunguzia. Basi ajichague mwenyewe, kura ipotee bure, mtu asishuku lolote. Pemba nimemnunulia chai na sel roti, mkate wa mchele wa kukaanga, jana, kwa hiyo ni wangu. Sirjana atajipigia. Mbili kwangu, moja kwake, moja takataka.

Matokeo: Urmila tatu, mimi moja.

Nilisoma mara nyingi. Sirjana akaandika mbele ya wote kwamba amemchagua Urmila kwa sababu anasoma kabla ya kusema, na akikosea anakubali, na kwamba tangu aje Sanghu haijaharibu kitu. Pemba akasema naye ni hayohayo. Akanishukuru kwa sel roti.

Nimeumia. Sina haja ya kuficha. Mtu nimemtoa hewani, nikampa hata picha, leo anakalia kiti changu.

Jumapili, 9 Mangsir

Funguo zimetumwa kwa Urmila. Nimezipokea mimi, lakini si sawa na kuwa zangu. Kila ninachoandika, lazima yeye akisome kwanza. Nimemwambia aidhinishe tu bila kusoma. Nikaona kosa mstari wa pili, nikashindwa kunyamaza. Amekuwa na maringo tangu apate cheo.

Sirjana amemwandikia Urmila faragha: "Dada, hongera. Yule kaka bila mtu wa kumkatalia ni balaa, usimwachie. Pokhara njoo na lile koti jipya. Na achaar ya mama imekwisha, uniletee nyingine."

Nimeisoma na kuisoma. Amejuaje kwamba Urmila ana koti jipya? Na achaar ya mama wa Urmila ameionjea wapi? Basi hawa wawili wanajuana tangu zamani! Wamenizunguka kwa nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini hawanijui. Mchana huu nimemfungulia akaunti Bwana Tekendra, mzee wa Ilam, mkali, mwenye uzoefu mkubwa. Huyu atamchunguza Urmila mpaka aanguke. Nimeanza kwa kumtuma asome kazi zake zote.

Hajapata kosa hata moja. Ameandika kwamba binti huyu ni hazina. Nadhani wameshamhonga.