Injini Iliyolala Ubavu

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Baba mkwe amenikabidhi ufunguo wa gari lake. Amenipa mimi, hakumpa Bwana Tai.

Bwana Tai ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Anafanya kazi kwenye bima na havui tai hata akicheza na watoto. Mimi natengeneza fremu za picha. Kazi ya vumbi, lakini ninachotundika mimi hakipindi.

Mzee amelazwa leo, atatolewa mtoto wa jicho. Gari lake ni la enzi za ujana wake, saluni ya rangi ya maziwa, boneti imelala chini utadhani linanusa barabara. Amesema niliwashe kila asubuhi betri isife, na nisilitoe uani. Nimeitikia mikono ikiwa nyuma, kwa adabu zote za mkwe. Lakini mimi si mtoto. Macho yakimshinda, gari litahitaji mwenyewe mpya, na ufunguo hautupwi ovyo mifukoni mwa watu. Mzee anapima!

Bwana Tai alinipa mkono wa pongezi huku akitazama ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Nimelitoa uani. Kidogo tu! Mzee alisema nisilitoe, nadhani alimaanisha nisilipeleke mbali.

Nilipita mbele ya ofisi ya Bwana Tai, kioo chini, kiwiko nje. Hakutokea. Nikageuza, nikapita tena. Safari hii alikuwa dirishani. Nikageuza shingo nihakikishe kama amenitambua.

Tuta!

Gari liliruka, likatua kwa kishindo cha gunia la chumvi. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mgonjwa. Uani nikafungua boneti kwa mara ya kwanza. Nikashika kiuno.

Injini imeanguka! Imelala ubavu, imeegemea kulia kama mlevi aliyepata ukuta. Nikajiambia labda ni macho yangu. Nikachukua pimamaji ninayotumia kutundikia fremu, nikaiweka juu ya kifuniko cha injini. Kile kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia pembeni, kikagoma kurudi katikati. Pimamaji haina upendeleo.

Nimekwisha. Kinachonishangaza, nikiwasha inanguruma vizuri tu. Nadhani haijajua kama imeanguka.

Jumatano, 6 Machi

Sikulala. Kwenda kwa fundi magari haiwezekani. Ni rafiki wa mzee, na mdomo wake hauna breki. Nitainyoosha mwenyewe. Fremu ni fremu, injini ni injini, lakini kupinda ni kupinda.

Nikaweka jeki chini ya injini upande wa kulia, nikapandisha taratibu, sikio limetegwa. Injini haikunyooka. Gari zima likainuka pamoja nayo! Nikashusha. Nikajaribu kwa kabari ya mbao na nyundo. Kabari ikapasuka, kipande kikanipata kidevuni. Nimebandika plasta.

Halafu akili ikanijia. Kama injini haitaki kulifuata gari, gari liifuate injini! Nikapandisha magurudumu ya kulia juu ya matofali. Nikaweka pimamaji. Kiputo katikati! Nikapiga kelele ya furaha, mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Aliuliza kwa nini gari la baba yake limesimama kama mbwa anayekojoa. Nikamwambia mafuta yanapaswa kujikusanya upande mmoja. Aliuliza kidevu nacho kimefanya nini. Nikamwambia ni wembe. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akarudi kwenye chungu chake.

Mpango mzuri, ila una kasoro moja. Lazima nimshawishi mzee asilisogeze gari maisha yake yote.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe alihitaji kupelekwa hospitali kumwona mzee na kumpelekea shuka. Nikamwita Bwana Tai! Nikamwambia sisi ni ndugu, gari ni la ukoo, si haki nifaidi peke yangu. Alilichukua, leo na kesho, kwa vile mama atataka kwenda tena. Nikamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Alinishukuru kwa mashaka, kama mtu aliyepewa kuku na jirani asiyemsalimia.

Hesabu yangu ni nyepesi. Gari likirudi, injini imelala, aliyeliendesha mwisho ni nani? Mwenye tai.

Mke wangu amesema ameguswa kuona tumepatana. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Leo nitalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Tai amelirudisha gari. Kuna jambo. Lilikuwa limeoshwa, hadi mazulia yamefutwa. Ameniletea shati jipya, eti aliliona dukani akanikumbuka. Hajawahi kunikumbuka hata tulipokuwa tumekaa kochi moja! Aliniita kaka. Akanisihi nisisumbuke kulikagua, kila kitu kiko sawa, hasa mbele. Akarudia mara ya pili kwamba hasa mbele hakuna haja.

Alipoondoka nikafungua boneti. Bado imelala vilevile.

Shati linanikaa vizuri. Nafsi inanisuta kidogo, ila linanikaa vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Mzee ametoka hospitali. Jicho moja bado lina bandeji, lingine limeshafunguliwa, na anasema linaona hadi unyoya wa inzi. Alipomwona mama mkwe mlangoni alimwambia hakujua kuwa ana madoa mazuri namna ile shavuni. Mama alijifunika uso na khanga kama bibi harusi.

Kisha akasema kesho sote tukusanyike. Anataka kulikagua gari lake kwa jicho jipya, kuanzia magurudumu hadi injini.

Hadi injini! Chakula kimenishinda. Bwana Tai naye, nimeona, alikuwa anasukumasukuma tonge sahanini bila kulipeleka popote.

Jumapili, 10 Machi

Naandika huku bado nacheka. Ngoja nipange mambo.

Tulisimama uani, familia nzima. Mimi na shati langu, Bwana Tai na tai yake. Mpango wangu ulikuwa kunyamaza. Mzee ataona, atauliza nani aliendesha, macho ya watu yatamgeukia mwenzangu, nami nitatikisa kichwa kwa huzuni.

Mzee akafungua boneti. Akainama, akatazama. Nilisikia moyo wangu ukigonga kwenye vifungo vya shati.

Ghafla Bwana Tai akaanguka magotini, suruali ya kazini juu ya vumbi!

“Baba, nisamehe! Nimeiangusha injini yako. Nilifunga breki ghafla, nikasikia kitu kinagonga ndu! Kufungua boneti, nikaikuta imelala.”

Vizuri kabisa, nikawaza. Kumbe furaha ya mwizi haikai. Mzee alimshika bega mwenzangu, akamwambia kwa sauti laini kwamba mwanamume anayesema kweli ni hazina ya ukoo. Hazina! Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wangu naye akatikisa. Nikaona gari linamwendea yeye hivihivi, kwa sababu ya kosa ambalo ni langu!

“Mwongo huyo!” nikapiga kelele. “Mimi ndiye niliyeiangusha!”

Bwana Tai akanigeukia akiwa bado magotini. “Kaka, usijibebeshe mzigo wangu.”

“Mzigo gani? Niliiangusha Jumanne, kwenye tuta, mbele ya ofisi yako! Wewe umeikuta chini!”

“Niliiangusha mimi Alhamisi!”

“Huwezi kuangusha kitu kilichokwisha kuanguka!”

Nami nikapiga magoti. Tukawa wawili mavumbini, kila mmoja anamvuta mwenzake kola, kila mmoja anadai kosa ni lake. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akaegemea mlango wa gari, akawa anasema hoi, hoi, wakwe zangu wataniua.

Mzee alifuta chozi chini ya bandeji. “Inukeni. Injini hii imelala tangu siku niliyolinunua gari. Imezaliwa hivyo.”

Nikamuuliza kwa sauti iliyotoka nyembamba, nani ataunda injini akaiweka upande.

“Waliojua kazi yao,” akasema. Akatuita karibu, kila mmoja upande wake. Akaeleza kwamba injini ile ni ndefu kwenda juu. Ingesimamishwa wima, boneti ingeota nundu, na dereva angekuwa anaangalia nundu badala ya barabara. Wakailaza kidogo. Boneti ikashuka, gari likapata umbo lake, na uzito nao ukakaa chini zaidi. Akatuonyesha upande wa juu ulioachwa wazi, pale mabomba ya hewa yanapotoka kwenye kabureta na kwenda kwenye injini. Yamepata nafasi ya kunyoosha miguu, akasema. Hata pampu ya maji imesogezwa kando, injini isirefuke mbele bure.

“Mtu mrefu akiingia chumba chenye dari fupi, huinamisha kichwa,” akamaliza. “Utamwita fundi aje amnyooshe shingo?”

Mke wangu alikitazama kidevu changu.

Na ile ndu aliyoisikia Bwana Tai? Mzee alifungua buti. Gurudumu la akiba halikuwa limefungwa, lilikuwa linagongagonga.

Jamani, raha iliyonishukia! Ni kama kuvua viatu vilivyobana. Injini nzima, mzee hana hasira, mke wangu anacheka. Bwana Tai alifungua tai yake mbele ya watu, akaitumia kufutia jasho. Nimeona shingo yake. Ni shingo ya kawaida tu. Tulikaa kibarazani tukanywa chai, akanisimulia alivyonunua shati ili nisifungue boneti, nami nikamsimulia yale matofali. Alicheka hadi chai ikamtokea puani. Si mtu mbaya. Namsitiri tu kwa kutomwambia kwa nini nilimwazima gari.

Kuhusu kurithi, mzee amesema jicho lake jipya halitaki kukaa kiti cha abiria. Ataendesha mwenyewe. Akachukua ufunguo. Nilidhani nitaumia. Badala yake nililala usingizi hadi jioni.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimemwokoa mtu!

Jirani yetu mshona viatu amenunua gari, la mkononi, lakini safi. Alikuwa amefungua boneti anaongeza maji. Nikasogea, sasa mimi ni mtu ninayejua injini. Nikatazama. Damu ikanisimama.

Injini yake imesimama wima! Imenyooka kama mlinzi wa benki.

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kwa upole kama aliyemuuzia aliwahi kupata ajali. Rangi ikamtoka. Nikamweleza yote. Injini hulazwa, bwana, iache mabomba yanyooshe miguu. Hii yake imeshtuka, ikasimama. Akaniuliza kama bado inaweza kulazwa. Nikamwambia inawezekana, mradi apate mtu mwenye jicho la kupinda na kunyooka, na bahati yake mtu huyo amesimama mbele yake.

Bwana Tai alikuwa anapita. Alisema kuna injini za wima na kuna za kulala, zote sawa, tumwache jirani wa watu. Wivu! Jumapili tu tulikuwa tunakunywa chai.

Jirani aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi si mtu wa kubahatisha. Kaniachia ufunguo.