Khaemba na Tone Moja la Mafuta

Mtaa mzima wa Kawangware 46 haukuwa na mwanaume kamili ila Khaemba! Hayo aliyasema Khaemba mwenyewe, tangu siku aliponunua kisu kipya cha kukunja. Kidogo cha kutosha kiganjani, lakini ukimsikia akikisifu, utadhani amenunua tingatinga.

Jumapili hiyo alikuwa akienda Kibera kwa kina Nasike, mpenzi wake, kujulishwa kwa wazazi wa binti mara ya kwanza. Mzee Wekulo, baba yake Nasike, alikuwa na sifa mbaya ya kufukuza wachumba. Mmoja alifukuzwa kwa kupiga miayo! Na Khaemba, maskini, alimpenda Nasike mpaka chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Lakini alikuwa na mpango. Angebeba nanasi, na baada ya chakula angelimenya kwa kisu chake mbele ya wakwe.

"Mzee akiona hiyo ganda inashuka bila kukatika," aliwatambia majirani, "atanibembeleza nimchukue Nasike!"

Tatizo, kisu kilikuwa kigumu kufunguka. Akakiosha kwa sabuni, akakisugua kwa mswaki mkuukuu, akakianika juani. Kisha akaenda kwa Joan, fundi wa nguo, kuomba mafuta ya cherehani.

"Tone moja tu, hapo penye inakunjia," Joan akamwambia. "Halafu upanguse."

"Tone moja? Wacha jokes, Joan! Hii ni chuma ya mwanaume!"

Akamimina mpaka chupa ikakohoa. Kupangusa je? Apanguse mafuta mazuri hivyo, ana wazimu? Akakikunja kisu, akakitia mfuko wa mbele wa suruali yake mpya ya kaki, akaondoka akipiga mluzi.

Alipofika kwa wakwe na kuketi, ndipo aliposikia ubaridi mapajani. Akachungulia. Yesu! Mafuta yalikuwa yameenea mbele yote ya suruali. Akalipakata nanasi haraka.

"Lete hiyo nanasi nikupokee," akasema mama yake Nasike.

"Acha tu, mama. Nimeizoea."

Mzee Wekulo akakohoa. Katika nyumba hiyo, mgeni husimama akajitambulisha: jina, ukoo na kwao. Khaemba akasimama, nanasi kalikumbatia kama mtoto mchanga.

"Kijana, weka matunda chini! Unaongea na watu."

Akaliweka. Mama akageukia ukuta. Nasike akajifunika uso kwa leso.

"Choo iko hapo nje," Mzee akasema polepole. "Si ungeuliza tu?"

"Si mkojo, baba! Ni kisu!"

Akakichomoa. Kwa mafuta yale, kisu hakikungoja kufunguliwa: fyatu! Kikamteleza mkononi, kikaruka, kikachoma mkono wa kochi, kando kabisa ya kiwiko cha Mzee.

"Uuuwi! Amekuja kuniua!" Mzee Wekulo, na magoti yake mabovu, akaruka nyuma ya kochi. Mama akashika mwiko. Khaemba akaona Nasike wake anapotea hivihivi, akainua mikono juu.

"Nimekojoa, baba! Haki ya Mungu, nimekojoa tu!"

Kichwa cha Mzee kikachomoza taratibu.

"Una uhakika?"

"Kabisa, baba. Hata nyumbani hunitokea."

Mzee akashusha pumzi, akajifuta jasho.

"Haya. Hiyo inaongeleka. Mama Nasike, tandikia mgeni nailoni kwa kochi, akule."