Vita vya Taa na Mkaa

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kituo ametuita, mimi na Shemeji. Ijumaa tunapimwa! Maji machafu ya hospitali yatapitishwa kwenye mtambo wangu wa taa na kwenye pipa lake la mkaa. Atakayeondoa antibiotiki nyingi zaidi anabaki na mradi. Atakayeshindwa anarudi alikotoka.

Shemeji alikotoka ni maabara, kwenye kiti chenye mto. Mimi nilikotoka ni kusoma mita za maji majumbani. Miaka kumi na mmoja. Mbwa wanne. Wote mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Sirudi!

Jioni nikamweleza mke wangu. Mgonjwa anameza dawa, sehemu kubwa inatoka naye chooni ikiwa nzima, inafika mtoni, vijidudu vinaionja kidogo kidogo mpaka vinaizoea. Mtoto akiugua, dawa haifui dafu. Sasa mtambo wangu unatia peroksaidi, ile ya kupausha nywele, kwenye maji, taa ya mionzi inaipasua, na vile vipande vyake vikali vinaitafuna antibiotiki mpaka mama yake asingeitambua. Mkaa wa Shemeji hautafuni kitu. Unanasa tu, kama mtego wa panya.

Mke akaniuliza kama najua kwamba namsema mdogo wake huku nakula chakula alichopika yeye. Nikaongeza mchuzi. Chakula kilikuwa kitamu.

Jumanne, 4 Machi

Hila ya kwanza. Ikiwa kipimo kimoja cha peroksaidi kinafanya kazi, vitatu je? Nimetia vitatu. Jana mtambo uliondoa asilimia sabini. Leo arobaini na nne!

Shemeji akapita, akachungulia daftari langu bila kualikwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema peroksaidi ikizidi inawageukia wale watafunaji wake yenyewe. Ni sawa na kuita wazimamoto wengi mno, wakaanza kumwagiana maji wao kwa wao, nyumba inaungua. Nikamwambia nilikuwa najua, nilitaka tu kuhakikisha.

Isitoshe, tone liliruka wakati namimina. Miwani nilivaa. Glavu nilivaa. Sharubu sikuzivalisha kitu. Niliosha haraka, lakini upande wa kulia umekuwa rangi ya mahindi. Mke ameuliza kama siku hizi saluni wanatoza nusu.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu kaja na wageni. Nilijua watakuja, nikajiandaa. Bomba la kioo linaloifunika taa lilikuwa na ukoga mweupe, aibu tupu. Nilizima umeme, nikalitoa, nikalisugua, kisha nikalipaka mafuta yangu ya kipara. Likang'aa hilo! Unajiona mpaka meno. Wageni walisifu. Mmoja alilipiga picha.

Kipimo cha jioni: asilimia kumi na tisa.

Sielewi. Taa inawaka. Buluu kabisa!

Alhamisi, 6 Machi

Asilimia kumi na nane. Maji yamenifika shingoni.

Hila ya mwisho, basi. Kila chupa ya kipimo hufungwa kikaratasi kwa uzi: TAA, MKAA. Kesho asubuhi mpimaji atazijaza, kisha ataziacha mezani dakika kumi akifuata sanduku la barafu. Dakika kumi! Watu wamefunga ndoa kwa muda mfupi zaidi ya huo. Nafsi ilinisuta kidogo. Nikaikumbusha wale mbwa. Ikatulia.

Nilipokuwa natoka, Shemeji alikuwa bado yupo, kakunja mikono ya koti, akasema ana kausafi kadogo ka kufanya. Nikamwambia ajitahidi, maskini. Nilimhurumia kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Nilibadilisha vikaratasi. Kwa haraka ile, fundo likatoka la viatu.

Saa tisa alasiri mpimaji akasoma majibu. Mkaa, asilimia tisini na sita. Taa, sitini na moja.

Ilinichukua muda. Sitini na moja ni za chupa yenye jina langu, yaani za mkaa. Tisini na sita ni za taa. Zangu! Nimeshinda, na ushindi nimemfungia mwenzangu kwa fundo la viatu!

Mkuu akampa Shemeji mkono wa pongezi. Shemeji hakuupokea. Akasema haiwezekani, mkaa wake umeanza kujaa tangu wiki iliyopita, hauwezi kunasa tisini na sita hata kwa maombi. Vipimo virudiwe. Tena jana jioni yeye mwenyewe aliiosha taa ya shemeji yake kwa sabuni na siki, kwa sababu kioo kilikuwa kinanukia kipara. Mafuta huizuia ile mionzi, akasema, hata kama jicho linaona mwanga.

Nikamuuliza kwa nini amsaidie mpinzani. Akasema, "Wewe ukirudi kwa mbwa, Shemeji, unadhani nani ataitwa kushika huo mguu dada akiufunga bendeji?"

Mkuu sasa alikuwa anamtazama mpimaji. Mzee wa watu, amebakiza miezi miwili astaafu, tayari anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Ningenyamaza, lingemwangukia yeye. Nikajikaza kisabuni. Nikasema ni mimi.

Kisha Mkuu akauliza polepole kama amenielewa vizuri: nimeiba, na niliyemwibia ni mimi. Nikasema ndivyo. Akatoka nje. Tulimsikia akicheka mpaka kwenye matangi.

Hukumu: mtambo unabaki, msimamizi ni Shemeji. Mimi ni mfuta taa wake. Kwenye mita sirudishwi; idara ile ilishapiga simu asubuhi kuomba hivyo. Mpimaji alinishika bega akipita.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Kakalia kiti changu. Kapakuliwa kwanza yeye, nyama yote mnofu. Ameniapisha mbele ya dada yake: nafuta kioo, basi. Peroksaidi nisiguse. Swichi nisiguse. Kufikiri nimwachie yeye. Nimeapa kwa moyo safi, na nimeona kweli kwamba hila hazina faida kwa mtu wa umri wangu.

Ila kuna kitu alikitaja akinawa. Eti kuna mitambo isiyohitaji taa kabisa. Unatia chuma kidogo kwenye peroksaidi, kazi inakwenda mbio.

Chuma!

Stoo nina debe zima la misumari yenye kutu. Kama kidogo kinakwenda mbio, debe zima je? Shemeji huingia kazini saa mbili. Jumatatu nitafika saa moja kasoro.